Binti asome nini ili apate kazi hapa hapa Iringa? Jibu refu kidogo

Mkuu, swali lako nimelisoma. Binti amemaliza kidato cha sita, matokeo yanamruhusu kuchagua kati ya sheria, ualimu, maendeleo ya jamii na uhasibu, vyuo viko hapa hapa mjini, na ungependa akimaliza apate kazi bila kwenda mbali na nyumbani. Waliotangulia wamekwambia asome anachokipenda. Wengine wamesema ajira hakuna, mtafutie mtaji. Majibu hayo ungeyapata hata kama ungekuwa unakaa Kinondoni. Iringa ina hesabu zake.

Mimi nilisoma uhasibu. Nimefanya kazi shule binafsi, nikafanya kwa mfanyabiashara wa mbao, na sasa nina ofisi ndogo ya mahesabu mjini. Kila msimu wa field, yaani mafunzo ya vitendo kazini, napokea wanafunzi, na kwa kuwa mji ni huu huu mmoja, wakishamaliza chuo naendelea kuwaona: huyu yuko dukani kwa shangazi yake Miyomboni, yule kapata hospitali ya misheni, mwingine alipanda basi la Dar na hajarudi. Ninachokwambia nimekiona kwao.

Sensa ya 2022 iliikuta Manispaa ya Iringa na watu laki mbili na kidogo, wakati Dar es Salaam ilikuwa imevuka milioni 5. Watu wanadhani tofauti iliyopo ni wingi tu, kwamba kila kitu cha Dar huku kipo ila kwa uchache. Sivyo. Mji mdogo una fani ambazo hazina mwajiri hata mmoja. Aliyesomea bima akiwa Dar ana makampuni mengi ya kubisha hodi. Huku kuna tawi, na tawi lenyewe ni watu wachache, meneja wao kahamishiwa kutoka kwingine. Ofisi unaiona kila siku ukipita na bajaji, lakini anayeajiri hayumo ndani. TRA na TANESCO ni hivyo hivyo: tangazo linatoka juu, maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa nchi nzima, na ukifaulu usaili kituo chako kinaweza kuwa Mpanda au Kibondo. Kwa hiyo ukiniuliza kama fani fulani ina ajira Iringa, mimi nahesabu wale tu wenye uwezo wa kusema "njoo Jumatatu" wakiwa hapa hapa. Hao ni shule binafsi, hospitali za makanisa, viwanda, wafanyabiashara, hoteli, watu wa utalii wa Ruaha, mawakili, ofisi kama yangu na mashirika. Nje ya hapo ni kusubiri tangazo kama Watanzania wengine wote, na kuishi Iringa hakukuongezei chochote.

Sasa twende kwenye fani zako.

Ualimu. Mkwawa ilikuwa sekondari kubwa, mwaka 2005 ikawa chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu hapo kila mwaka inatoa walimu. Wale wa mwanzo hawakuhangaika. Ulikuwa ukimaliza unasubiri orodha, jina linatoka, unaripoti. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha ajira kupisha uhakiki wa watumishi, mwaka uliofuata wakatajwa wenye vyeti vya kughushi 9,932, na mlango ulipofunguliwa tena haukuwa ule wa zamani. Sasa hivi mwalimu anaomba, anaitwa kwenye usaili, anashindana na waliomaliza miaka mingi kabla yake. Akipata ni kazi nzuri, sibishi, ila kituo hachagui yeye.

Zinabaki shule binafsi, nazo hapa zipo za kutosha. Tatizo ni kwamba mwenye shule anajua kuna walimu wa Historia na Kiswahili wamejaa Kihesa na Mtwivila, wengi wao wakifundisha tuisheni au wakijitolea. Kwa nini akupandishie mshahara? Ukiondoka leo kesho ana mwingine. Na shule zenyewe si nyingi kiasi kwamba ukigombana na huyu unahamia kwa yule kimya kimya. Wanafahamiana, wanasali pamoja, watoto wao wanaoana. Ila mwalimu wa Fizikia au Hesabu anaulizwa "unataka shilingi ngapi?", hilo nimelishuhudia nikiwa nalipa mishahara. Na tangu mitaala mipya ianze kutumika mwaka 2024, na mkondo wa amali, yaani ufundi, kuingia sekondari, shule zinatafuta mtu wa kufundisha umeme, ujenzi, useremala, na hao hawajajaa mitaani. Ndani ya fani moja ya ualimu kuna watu wawili wenye maisha tofauti kabisa, na kinachowatenganisha ni masomo waliyoyachagua wakiwa na umri wa binti yako.

Maendeleo ya jamii ndiyo hadithi inayoniuma, kwa sababu rafiki zangu wengi wako humo. Utafiti wa 2016–17 ulionyesha Njombe na Iringa ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU nchini, yote miwili zaidi ya asilimia 11. Fedha za wafadhili zikaja kwa kasi inayolingana na tatizo: miradi ya yatima, ya wasichana, ya kupima, ya kufuatilia walioacha dawa. Aliyesoma maendeleo ya jamii, sosholojia au ustawi wa jamii alikuwa mtu mwenye gari la mradi mlangoni. Vijana wakaona, vyuo vikaona, madarasa yakajaa. Januari 2025 Rais Trump akasimamisha misaada ya Marekani ya nje, na ndani ya wiki chache watu niliokuwa nikiwaandalia mahesabu ya kodi ya nyumba zao za kupangisha walikuwa wanatafuta madalali wa kuuza magari. Hawakuwa wavivu wala hawakusoma vibaya. Waajiri walikuwa wengi kwa majina, lakini chanzo cha fedha kilikuwa kimoja. Dar mtu wa mradi, mradi wake ukifungwa, anahamia kwenye mradi wa Wazungu wengine au anaingia kampuni. Hapa waliachishwa wote kwa mpigo, wakajikuta wanaomba kazi zile zile.

Sheria nitaipitia haraka. Inafundishwa kwenye vyuo vikuu viwili vya mji huu, RUCU (chuo kikuu cha Wakatoliki) na Chuo Kikuu cha Iringa, jambo ambalo kwa mji wa ukubwa huu ni kubwa. Baada ya shahada bado kuna Law School, mafunzo ya vitendo ya kumfanya mtu wakili, nayo iko Dar, kwa hiyo bajeti isiishie kwenye ada ya miaka ya chuo. Kazi ipo, hasa ya ardhi. Wakati watu wa Dar walipokuwa wanakuja kununua mashamba ya kupanda miti Mufindi na Kilolo, mikataba mingine iliandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na leo miti imekomaa, ina bei, na kila mtu anakumbuka mipaka yake kivyake. Wakili anayeelewa ardhi ya kijiji hakosi mteja. Lakini miaka ya mwanzo utakuwa unambebea mafaili wakili mkubwa, posho ya nauli na chai. Familia ikiweza kumshikilia binti kipindi hicho, sawa.

Hapa niseme jambo ambalo huwa linanishangaza. Zunguka mkoa huu uone unauza nini. Msitu wa Sao Hill una zaidi ya hekta 135,000, ndilo shamba kubwa la miti la serikali. Mafinga yote ni mbao, nguzo, mirunda. Kuna chai Mufindi, karatasi Mgololo, maziwa ya Asas, parachichi zinaenea Kilolo. Halafu angalia vyuo vikuu vya mjini vimejaza nini: walimu, mawakili, watu wa utawala. Anayetaka shahada ya misitu anakwenda SUA, chuo kikuu cha kilimo, Morogoro, cheti cha misitu Olmotonyi kule Arusha, mambo ya viwanda vya misitu Moshi. Sababu naielewa, darasa la sheria linahitaji ukumbi na mwalimu, darasa la kuchana mbao linahitaji mashine na umeme wa uhakika. Lakini matokeo yake nimeyaona nikiwa kwa yule bosi wa mbao. Tulikuwa na maombi ya kazi ya ukarani kutoka kwa watu wenye shahada, yamejaa droo. Fundi wa kunoa misumeno tulikuwa tunamsubiri kwa zamu kama daktari bingwa, maana anahudumia mashine za watu kibao, na asipokuja mbao zinatoka zimepinda. Alikuwa analipwa siku hiyo hiyo, taslimu, na bosi anamnunulia chakula.

Sisemi binti yako akanoe misumeno, ingawa sioni ubaya.

Uhasibu sasa, na usidhani navutia kwangu. Uhasibu una faida moja kwenye mji mdogo: sheria inamlazimisha mtu akutafute. Mwenye duka la jumla, mwenye mbao, mwenye kituo cha mafuta, wote wana mashine ya risiti za kodi (EFD), wana ritani, na mauzo yakishakua TRA haiwakadirii tena kwa macho, inataka hesabu zenye muhuri wa mtu anayetambuliwa na NBAA, bodi ya wahasibu. Mwajiri wangu, kwa maana hiyo, si kampuni moja. Ni wateja wengi wadogo, na mmoja akifunga biashara silali njaa. Famasi nayo iko hivyo hivyo: duka la dawa haliruhusiwi kufunguliwa bila mtaalamu aliyesajiliwa, na hospitali kama Tosamaganga na Ilula zinahitaji watu wa dawa na maabara. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, pia, kwa sababu nyumba haiungwi na TANESCO bila fomu yenye muhuri wa mkandarasi. Fani za aina hii ndizo ningeziangalia kwanza kwa mtu anayetaka kubaki mji wa namna hii.

Ila shahada ya uhasibu peke yake haina muhuri, na hapo wazazi wengi hawaelezwi. Muhuri unakuja na CPA, cheti cha mhasibu kamili kinachopatikana kwa mitihani ya NBAA juu ya shahada, na wapo wanaoirudia mpaka wanakata tamaa. Bila CPA ushindani ni ule ule wa kila mtu.

Na wanaopata kazi bila CPA wanapataje? Hili ndilo lililonifundisha zaidi. Biashara za hapa ni ndogo, hazina nafasi ya mtaalamu wa kitu kimoja. Mwenye hoteli hataki mhasibu. Anataka mtu wa kushika mahesabu, kusimamia stoo, kumjibu mteja Mzungu kwa barua pepe na kukarabati printa. Mwaka juzi nilikuwa na wanafunzi wawili wa field. Mmoja alikuwa na alama nzuri sana darasani, mwingine za kati, lakini huyu wa kati alikuwa amekulia dukani na alijua kompyuta vizuri. Nilipoulizwa na mteja kama nina mtu, nilimtaja wa kati hata kabla sijafikiri. Yule mwenye alama nzuri alipata kazi baadaye, Dar, kwenye ofisi kubwa ya ukaguzi, na huko ndiko anakofaa kwa kweli. Kijana mwingine ninayemfahamu alisoma ualimu wa Fizikia, wakati anasubiri ajira akachukua kozi ya umeme VETA. Siku hizi anafundisha vipindi viwili vitatu shule binafsi na mchana anafunga umeme wa jua vijijini. Ukimuuliza kazi yake nini anacheka.

Angalia pia jinsi watu wanavyoajiriwa huku. Tangazo la kazi ukiliona limebandikwa, mara nyingi mtu alishapatikana. Bosi anauliza jirani, anauliza mchungaji, anampigia aliyempokea mtoto field: "Yule binti aliyekuwa kwako anafikaje kazini?" Watu wanaita koneksheni na kulalamika, na kweli ipo ya kifisadi. Lakini nyingi ni hii ya kuulizana tu, na mtoto asiye wa kigogo naye anaweza kuijenga, mradi field asiifanye kwa ajili ya kugongewa mihuri kwenye logbuku.

Kwa binti yako basi, kati ya vinne ulivyotaja, ningeweka uhasibu mbele kwa masharti kwamba aanze mitihani ya bodi mapema na kila likizo awe mahali anashika kazi za watu. Ualimu, kama ana Fizikia na Hesabu, asiudharau. Kama masomo yake ni ya sanaa, ajue anaomba ajira ya taifa zima, si ya Iringa. Sheria kama mna uvumilivu wa mfuko. Maendeleo ya jamii kwa sasa ningesubiri nione vumbi linatulia vipi. Na kama mkopo wa HESLB unahusika, kumbukeni akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe, kwa hiyo mshahara wa kuanzia wa huku upigieni hesabu baada ya makato.

Halafu mkuu, hilo la kubaki karibu na nyumbani, yeye amesemaje? Kwenye maelezo yako yote sijaliona. Akisema anabaki, msimu wa field ukifika mlete ofisini, nafasi ya meza moja haikosekani. Akisema anataka Dar au Dodoma, mengi niliyoandika hapo juu hayamhusu.