Seva ya mafaili haipatikani baada ya umeme kurudi

SWALI: Assalaamu alaikum. Ofisi yetu ndogo hapa Chake Chake inatayarisha hesabu za wafanyabiashara. Tuna kompyuta tano zilizounganishwa kwa waya kwenye swichi na ruta, na mafaili yote yamo katika kompyuta ya sita tunayoitumia kama seva. Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku, na uliporudi, kompyuta nne zikawa haziifikii tena diski ya pamoja; zinaandika kwamba njia ya mtandao haikupatikana. Ya tano, tuliyoinunua mwaka huu, inafungua mafaili kama kawaida. Intaneti ipo kwenye zote. Fundi mmoja ametushauri tuifute seva na tuipige Windows upya. Tumkubalie?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Wa alaikum salaam. Msimkubalie, na nakuombeni sana asiiguse mtu diski ya seva kabla hamjanakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kwa kuwa hesabu za watu zikifutika hazirudi.

Maelezo yako yanatosha kuonesha kwamba seva ni nzima, kwani isingekuwa nzima hata kompyuta ya tano isingefungua kitu. Intaneti kupatikana kwenye zote kunaonesha pia kwamba waya, swichi na ruta zinafanya kazi. Kilichobaki ni namna kompyuta zile nne zinavyoitafuta seva, na hapo ndipo ninapoishuku anwani. Ruta hugawa anwani za IP, yaani nambari za kukitambulisha kila kifaa kwenye mtandao, kwa muda tu, kwa utaratibu uitwao DHCP, na ruta nyingi ndogo zikizimika husahau zilimpa nani nambari gani. Kama seva ilikuwa 192.168.1.5, leo huenda ni 192.168.1.12, na ile ya mwanzo imeshachukuliwa na printa au simu ya mtu. Nadhani kompyuta nne za zamani ziliunganishwa kwa nambari, na ya tano kwa jina la seva. Jina halibadiliki nambari ikibadilika.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika chache. Kwenye seva fungueni dirisha la amri (Command Prompt), andikeni ipconfig, na muiandike pembeni nambari ya IPv4 mtakayoiona. Kisha, kwenye mojawapo ya kompyuta zinazogoma, tazameni njia ya ile diski ya pamoja: ikiwa ina nambari tofauti, mmeshaupata ugonjwa. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni \\ na jina la seva bila ya kuacha nafasi, na folda zenu zitafunguka.

Tiba yake ni kuingia kwenye ruta na kuiwekea seva nambari yake maalumu kwa kutumia anwani ya MAC, yaani namba ya kudumu ya kadi yake ya mtandao, ili isipewe kifaa chengine. Baada ya hapo ondoeni muunganisho wa zamani kwenye kompyuta nne na muunganishe upya kwa jina.

Akitokea wa kukushaurini muwashe SMB ya kwanza, yaani toleo la mwanzo la utaratibu wa Windows wa kushirikiana mafaili mtandaoni, mkataeni pia. Udhaifu wa itifaki hiyo ya zamani ndio uliotumiwa na virusi vya WannaCry kuenea duniani mwezi wa Mei 2017, na matoleo mapya ya Windows huja bila ya hiyo kwa sababu nzuri.

Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 2010, kwa hiyo hitilafu ya mbali nayo hutufikia. Wengi huichomeka seva peke yake kwenye UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba umeme ukikatika, na kuisahau ruta. Zichomekeni zote mbili pamoja na swichi.

Ikiwa nambari zitalingana na bado kompyuta hizo zinagoma, niandikie majibu ya ipconfig ya seva na ya kompyuta moja kati ya zile nne, pamoja na maneno kamili ya kosa linalotokea.