Kabla ya kupanda ndani, pigia hesabu taa

Nimepanda saladi kwenye rafu, ndani ya chumba kisicho na dirisha, kwa miaka mitatu. Anayeniuliza kama kilimo hiki kinalipa, namuuliza kwanza uniti moja ya umeme anainunua kwa kiasi gani.

Wengi huvutiwa na habari kwamba kilimo hiki hutumia maji machache, na hapo hawajadanganywa. Maji huzunguka kwenye mabomba, mizizi ikanywa inachohitaji, yaliyobaki yakarudi kwenye tangi. Lakini nje mkulima hupewa jua bure. Wewe utalinunua.

Chukua rafu ya mita moja ya mraba. Taa ya LED ya wati 100 ikiwaka saa 14 kwa siku inakula uniti 1.4. Siku 35 hadi mavuno ni uniti 49. Rafu hiyo hunipa kama kilo 4, kwa hiyo kila kilo imebeba uniti 12 za taa peke yake. Bado pampu, bado kiyoyozi. Na kiyoyozi hukikwepi, maana karibu umeme wote wa taa huishia kuwa joto, na majani nayo hayaachi kutoa unyevu. Mwaka wa kwanza nilibana matumizi hapohapo, nikazima feni usiku. Ncha za majani machanga zikaungua, nikadhani mbolea imepungua, nikaongeza. Kumbe hewa ilikuwa imetuama, na madini ya kalisi (kalsiamu) hayakufika kwenye majani ya ndani. Mavuno mazima niliyatupa, na iliniuma sana.

Panda majani yanayokua upesi na kuuzwa mabichi: saladi, rihani, giligilani. Ngano achana nayo. Saladi ni maji kwa takribani asilimia 95, ilhali punje ya ngano ni wanga mkavu, na kila gramu ya wanga huo ungeilipia kwa mwanga.

Mtaji mkubwa nao si kinga. Huko Marekani, kampuni kubwa ya kilimo cha ndani, AeroFarms, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwaka 2023, na nyingine, Bowery Farming, ikafunga milango 2024.

Kwa hiyo anza na rafu moja yenye mita yake ya umeme. Vuna mara mbili, ukiandika uniti na kilo. Kisha mpelekee mnunuzi majani yenyewe, usikie atatoa bei gani, kabla hujanunua rafu ya pili.