Kanisa Likijaa, Tazama Mlichokiondoa

Tulianza katika darasa la kuazima la shule ya msingi, pembezoni mwa Arusha upande wa Moshono, tukiwa waumini 43 na mwinjilisti aliyekuja kwa baiskeli. Kila Jumapili tulipanga madawati na kufuta ubao, na kila Jumatano jioni tulikutana kuomba, kwa kuwa hatukuwa na kiwanja, hatukuwa na fedha, wala hatukuwa na hakika kwamba mwalimu mkuu angetuachia ufunguo wiki iliyofuata. Leo mtaa ule, yaani tawi dogo la kanisa letu la Kilutheri, ni usharika kamili wenye ibada mbili na washarika zaidi ya 600. Nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kwa miaka saba, na yapo mambo ambayo ningependa mzee wa kanisa mwenzangu ayajue kabla hayajamfika.

Sijawahi kumsikia mtu akisimama kanisani na kusema kwamba sasa hatumhitaji Mungu. Kwetu ugonjwa huu uliingia kupitia ratiba. Jumatano moja fundi alitaka jibu kuhusu nondo, tukafupisha maombi ili tumjibu. Jumatano iliyofuata ilikuwa zamu ya kokoto, na iliyofuata tena ilikuwa madeni. Siku moja, nikitafuta hesabu za mabati katika daftari la mihutasari, niligundua kwamba kwa miezi 14 maombi yetu ya Jumatano yalikuwa yamebaki mstari mmoja: kikao kilifunguliwa kwa sala saa 11:20 jioni. Mstari uliofuata ulisema kwamba saa 11:20 jioni mjadala wa saruji ulianza.

La pili naona haya kulisimulia. Nilikuwa nikisoma idadi ya waliohudhuria kila Jumapili wakati wa matangazo, nikidhani ninawatia watu moyo, hadi mzee aliyekuwa akihesabu alipoungama kwangu kwamba mara nyingine aliwahesabu watoto wa Shule ya Jumapili mara mbili, walipotoka na waliporudi. Nilipomuuliza sababu alisema, kwa adabu kabisa, kwamba namba ikipungua uso wangu hubadilika na kikao cha jioni huwa kizito. Mfalme Daudi alipoagiza watu wahesabiwe, hata Yoabu, jemadari ambaye hakuwa mtu wa kuona haya haraka, alimsihi aache. Mimi sikuwa na Yoabu, nilikuwa na mzee mwema aliyeogopa kunikwaza.

Lakini lililoniumiza zaidi ni la mnada. Wenye asili ya Kilimanjaro na Meru wanajua kwamba ibada ya kwetu haiishii kwenye baraka. Watu hutoka nje, na sadaka zilizoletwa kwa mazao, iwe mkungu wa ndizi, kuku au maziwa, hunadiwa hapo uwanjani kwa kicheko na kelele. Ibada zilipokuwa mbili tuliona mnada unachelewesha watu wa ibada ya pili na kujaza magari, tukaufuta, tukaomba kila mtu alete fedha katika bahasha. Mama mmoja mjane, ambaye kwa miaka yote alileta mayai, alikosekana Jumapili saba mfululizo akiwa mgonjwa ndani, na hatukujua mpaka jirani yake, ambaye si msharika wetu, alipotuuliza kama tumehama. Zamani mayai yake yasipoonekana mnadani, kuna mtu angeuliza siku hiyohiyo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 ni hivyohivyo: wanafunzi walipoongezeka, waliosahauliwa kwanza ni wajane.

Tulipoanza kutafuta tulikokosea, mchungaji alituomba jambo la ajabu: tuandike washarika wetu walitoka wapi. Wengi mno walikuwa wamehamia. Kwa mujibu wa sensa, Jiji la Arusha lilikuwa na watu zaidi ya 416,000 mwaka 2012, na mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 617,000. Mashamba ya kahawa yalikatwa viwanja, watu wakajenga, wakaja kwetu na barua za utambulisho kutoka Rombo, Singida na kwingineko, wakiwa tayari wamebatizwa na kufundishwa na watu ambao hatuwajui hata kwa majina. Sisi tulifungua mlango tu. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu. Katika orodha yetu hata kutia maji kulikuwa kwa wengine. Na kazi yenyewe ya Kilutheri huku Meru ilianza kwa makaburi: wamisionari Ovir na Segebrock waliuawa Akeri mwaka 1896, na ilichukua miaka sita kabla ya kituo cha Nkoaranga kuanzishwa. Sijui wangeandika idadi gani katika ripoti.

Kwa hiyo ushauri wangu si kwamba mjilazimishe kunyenyekea, maana anayejitahidi kuonekana mnyenyekevu huchosha watu. Keti na wazee wenzako mwandike vyote mlivyoviondoa tangu mlipoanza kukua, na sababu iliyotolewa kwa kila kimoja. Sisi tulirudisha maombi ya Jumatano, na neno la ujenzi halitajwi siku hiyo; kamati hukutana Alhamisi. Idadi hubaki kwenye daftari la mchungaji. Mnada umerudi baada ya ibada ya pili, na mama wa mayai yupo. Kila mzee huenda kwa zamu kwenye mtaa wetu mpya, ambako watu wapatao 30 husali chini ya mti, na akifika huko hubeba benchi kama wengine. Si wote waliofurahi, na paa halijamalizika hadi leo.

Muda wangu wa uzee wa kanisa unakwisha Desemba, nami nimeomba nisipendekezwe tena. Mke wangu anasema hata hicho kinaweza kuwa kiburi cha aina nyingine, cha kutaka kusifiwa kwa kung'atuka, na sijapata la kumjibu.