Ugomvi wa kila siku na mtoto aliyenyamaza: muanze kikao gani cha ushauri nasaha?

Mkuu, umeuliza kama wewe na mkeo, mnaogombana kila siku, mwende kwa mnasihi (mshauri nasaha) pamoja au kila mtu kivyake, na kama mtoto wenu wa miaka 12 aliyenyamaza siku hizi naye apelekwe. Kazi yangu ni hiyohiyo ya unasihi, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona vikaoni.

Kwanza kabisa, usalama. Kama kuna kipigo, au mmoja anamwogopa mwenzake, msianze pamoja. Atakayesema ukweli kikaoni huenda akaulipia mkirudi nyumbani. Ndiyo maana mnasihi makini huwaona mmoja mmoja mwanzoni na kuuliza waziwazi: unamwogopa? Amewahi kukuzuia kutoka, kukunyang'anya simu au kukunyima hela? Jibu likiwa ndiyo, mpango wote unabadilika.

Kama hofu hiyo haipo, nendeni pamoja. Kikao cha mtu mmoja huwa kama dakika 50. Cha wenza ni afadhali kiwe dakika 75 hadi 90, maana robo saa ya kwanza mara nyingi huishia kwenye kutuliza mlichokuja nacho njiani. Siku ya kwanza ulizeni mipaka ya usiri. Kwa kawaida unavunjwa pale mtu anapokuwa katika hatari ya kujiua au kumdhuru mwingine, au mtoto anaponyanyaswa. Ulizeni pia itakuwaje mmoja akimpigia mnasihi simu pembeni na kumwambia siri. Sharti hilo lisipowekwa mapema, mnasihi hujikuta ameshikilia siri ya mmoja dhidi ya mwingine, na hapo hawezi tena kuwasaidia nyote wawili.

Wengi huingia wakitafuta hakimu. Chukua ugomvi wa kuchelewa kurudi. Mke anasema, "Hunijali!" Mume anajibu, "Wewe huridhiki hata siku moja!" Mnasihi anawasimamisha hapohapo. "Mama, rudi nyuma kidogo. Saa nne usiku, simu inaita haipokelewi. Mwilini ulihisi nini?" Anasema kifua kilibana, akawaza ajali. Kisha mume anaombwa arudie alichosikia, kwa maneno yake, bila kujitetea. Sentensi ya kwanza hutoka vizuri, ya pili huanza na "lakini", na anarudishwa mwanzo, hata mara tatu, kwa upole. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers aliandika mwaka 1957 kwamba mteja anahitaji kueleweka kwa undani, kupokelewa bila masharti, na mnasihi asiyeigiza. Kumpokea mtu hivyo si kukubaliana naye.

Nyumbani jichungeni na mambo manne ambayo John Gottman, mwanasaikolojia mtafiti wa ndoa, aliyabaini kwa kuchunguza wanandoa wakibishana: kushambulia utu wa mwenzako badala ya kulalamikia jambo, dharau, kujitetea, na kujifungia kimya. Dharau ndiyo inayobomoa zaidi. Mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika katikati ya ugomvi, kusikilizana kunakuwa kugumu mno, basi pumzikeni walau dakika 20. Hapa wengi hukosea: anayetoka haagi wala hasemi atarudi lini, na aliyebaki anaona ametupwa. Sema, "Naomba nusu saa, narudi tuendelee," kisha rudi kweli. Na huko nje usikae ukipanga majibu, kwa sababu mwili hautatulia.

Mtoto sasa. Msimpeleke kama ndiye mwenye tatizo. Murray Bowen, daktari wa akili aliyechunguza familia, alieleza kwamba wawili wakilemewa na mvutano humvuta wa tatu katikati, na mara nyingi huyo wa tatu ni mtoto. Lakini pia msidhani tu kwamba ananyamaza kwa sababu yenu. Huenda anaonewa shuleni, ana sonona, au kuna mtu anamnyanyasa, kwa hiyo apate muda wa peke yake na mnasihi. Mwambieni kabla ya kwenda kwamba hakukosea na halazimiki kuongea. Mkitoka, msimhoji: "Umemwambia nini?" Swali hilo moja linaweza kumfunga mdomo kikao kinachofuata.

Akitaja kufa, au mkiona anajiumiza, msisubiri miadi. Muulizeni moja kwa moja kama anafikiria kujiua (swali halimpandikizii wazo hilo), msimwache peke yake, ondoeni dawa, sumu na vitu vyenye ncha, na mfikisheni hospitali siku hiyohiyo.

Mnapoweka miadi, ulizeni kama mnasihi amesomea kazi ya wenza na familia, kwani wengine wamefunzwa kumwona mtu mmoja mmoja tu. Baada ya vikao vinne hivi, kama mmoja wenu anaona mnasihi ameegemea upande, alisemee jambo hilo mlemle kikaoni. Mnasihi mzuri atauliza ni wapi ameteleza na kurekebisha. Akianza kujitetea, tafuteni mwingine.