Mzazi akipangiwa kituo kipya: ushauri kwa kijana wa familia ya mwinjilisti

Kufunga mizigo utazoea ndani ya mwaka mmoja. Kalenda ndiyo itakayokusumbua. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Rukwa, Katavi, Tabora na Kigoma, mvua huanza karibu na Novemba na kukatika Aprili au Mei. Kwa hiyo mikutano ya injili ya hadhara hupangwa kati ya Juni na Oktoba: barabara zinapitika, viwanja ni vikavu, na watu wameshavuna. Miezi hiyo hiyo, kuanzia Julai, ndiyo ya muhula wa pili, na mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne hufanyika Novemba. Wiki ambazo timu inakuhitaji ubebe spika ndizo wiki za mitihani ya majaribio na mazoezi ya maabara.

Usingoje wazazi waligundue hilo wenyewe, maana wao wana ratiba ya mchungaji kiongozi kichwani. Mwezi Mei, kabla shule hazijafunga, chukua kalenda ya shule na ratiba ya mikutano, ziweke pamoja mezani, kisha uombe siku mahususi. Kusema tu "nahitaji muda wa kusoma" hakusaidii. Sema "Jumanne na Alhamisi nina mazoezi ya kemia, siji uwanjani". Siku ikitajwa kwa jina, mzazi ataheshimu. Ombi la jumla jumla humezwa na kazi.

Sasa shule yenyewe. Ukihama katikati ya masomo, karatasi zako ni muhimu kuliko sanduku lako la nguo. Tanzania uhamisho wa sekondari huanza kwa barua ya mzazi kwenda kwa mkuu wa shule unakotoka. Shule unakokwenda nayo ithibitishe kwamba ina nafasi, kisha barua hupita ofisi za elimu za halmashauri au mkoa, kutegemea umbali unaohamia. Makosa ya kawaida ni mawili. Familia huhama kwanza ikitegemea kumalizia barua kwa simu, na mtoto anakaa nyumbani wiki tatu. La pili ni kusahau namba ya PReM. Namba hiyo ndiyo inayobeba kumbukumbu zako tangu shule ya msingi, na bila hiyo shule mpya haiwezi kukuingiza kwenye mfumo. Iandike kwenye daftari, na kwenye simu ya mama pia.

Kagua jina lako. Likiwa "Elisha" kwenye cheti cha kuzaliwa, "Elisha J." kwenye kumbukumbu za darasa la saba na "Elisher" kwenye fomu ya shule mpya, tatizo litajitokeza wakati wa usajili wa mtihani au, vibaya zaidi, ukiomba chuo. Kila mwalimu anayekupokea atanakili jina jinsi alivyolisikia, basi mpe cheti alisome.

Kidato cha nne ni habari nyingine. Usajili wa mtihani hufanyika mapema katika mwaka, na ukishasajiliwa namba yako ya mtihani inakuwa ya kituo kile. Kama uhamisho wa mzazi unakuja Mei, hesabu kwamba utafanyia mtihani pale uliposajiliwa, na uanze kutafuta bweni au nyumba ya ndugu utakapokaa hadi Novemba. Wazazi wengi wa huduma huona kumwacha mtoto nyuma ni kumtupa. Kwa maoni yetu, kijana wa kidato cha nne asihamishwe, hata kama nyumba ya kituo kipya ina vyumba vitano.

Kwa walio chini ya hapo, kabla ya kukubali shule uliza swali moja ambalo watu hulisahau: masomo gani yana walimu sasa hivi? Siyo yaliyoandikwa kwenye ratiba ya ukutani. Shule za kata za pembezoni huweza kuwa na fizikia kwenye ratiba na mwalimu wake akawa amehama. Ukiwa unalenga PCB (fizikia, kemia na biolojia) au PCM (fizikia, kemia na hisabati) kidato cha tano, pengo hilo huwezi kuliziba kwa sala tu. Kwa walioanza kidato cha kwanza 2025 chini ya mtaala mpya, uliza pia kama shule ina mkondo uliouchagua, wa jumla au wa amali (mafunzo ya kazi), na kama ni amali, fani ipi. Kuhama kutoka ufundi umeme kwenda shule inayofundisha kilimo ni kuanza upya.

Muda wa kusoma huupati jioni. Mkutano wa hadhara huanza saa kumi, huisha saa kumi na mbili na nusu, na kufungua vyombo hadi vifike stoo ni saa mbili usiku. Hapo macho hayaoni kitabu. Soma saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili na robo, kabla wageni hawajaamka.

Uwanjani, kijana ndiye hupewa vyombo, kwa sababu ana nguvu na hana sauti kwenye kikao. Kama ndiyo zamu yako, jifunze vizuri. Jenereta ikae mita ishirini hivi kutoka kwa watu, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali nao. Usiiweke ndani ya hema, stoo wala kibarazani hata mvua inyeshe: moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na inaua. Iwashe ikiwa haina mzigo, iache itulie dakika mbili tatu, ndipo uchomeke vyombo. Kabla ya kuizima, ondoa mzigo kwanza. Usiongeze petroli ikiwa inaunguruma au ina joto. Zima, subiri ipoe. Waya wa ekstensheni ulioviringishwa kwenye roli lake hupata joto hadi plastiki ikayeyuka, kwa hiyo ukunjue wote hata kama jukwaa liko karibu.

Kuwasha sauti kuna mpangilio: miksa (mashine ya kuchanganya sauti) kwanza, ampu (kikuza sauti) mwisho. Kuzima ni kinyume, ampu kwanza. Ukikosea, mshtuko wa miksa hupita kwenye ampu na kugonga spika, unasikia "tuu!" Siku ya kwanza hakuna kinachoharibika, baada ya miezi spika inaanza kukwaruza na watu wanalaumu vumbi. Maiki ikipiga mluzi, usikimbilie kushusha sauti yote. Angalia kwanza mhubiri amesimama wapi. Spika zikae mbele yake zikitazama watu, maiki ibaki nyuma ya spika. Wahubiri wengi hupenda kushuka jukwaani wakati wa kuita watu; shusha maiki yake kabla hajapita mbele ya spika. Mwambie mapema, kwa heshima, kwamba ana hatua tano tu. Atasahau, lakini umemwambia.

Sadaka usiibebe peke yako hata mita mia. Wawili wahesabu, waandike kwenye daftari, wote wasaini. Siku shilingi elfu kumi ikikosekana, hakuna atakayemuuliza mzee wa kanisa kwanza.

Utaitwa mtoto wa mwinjilisti kabla jina lako halijajulikana. Utaombwa kuimba, kusali, kutoa ushuhuda. Kuwa na maneno ya dakika tatu tayari, mstari mmoja na jambo moja la kweli, na uwe huru kusema "leo hapana, mchungaji". Salamu ya mahali ina thamani kuliko hotuba: Usukumani jua "mwangaluka" ya asubuhi na "mwadila" ya baada ya hapo, na shikamoo iendelee kwa wakubwa kama kawaida.

Nyumba ya huduma haina mlango uliofungwa. Wageni watalala sebuleni, wengine wiki nzima, nawe utatolewa chumbani. Kulala kwenye godoro sebuleni na wadogo zako ni sawa. Kulala chumba kimoja na mgeni mtu mzima si sawa, awe mwinjilisti, mwimbaji au mjomba wa mbali, na hilo liwe kanuni ya nyumba kabla mgeni hajafika ili isionekane unamtuhumu yeye. Ukipewa darasa la watoto, uwe na mtu mzima mwingine pamoja nawe, na usibaki na mtoto mmoja chumbani. Mtu akikugusa au kukutishia na ukaona wazazi wanaogopa kuiaibisha huduma, piga 116. Ni namba ya bure ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya pia.

Timu ikivuka mpaka, kadi ya chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa na sasa ni ya maisha yote, kwa hiyo usichanjwe siku ya safari. Ukisafiri na mzazi mmoja au na timu tu, beba barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Anayekaa mpakani masaa manne kwa kawaida ni yule ambaye jina lake la ukoo halifanani na la mtu aliyeandamana naye.

Habari za kuhama tena zikianza kunong'onwa, nenda shuleni ukachukue ripoti ya maendeleo yenye muhuri kabla ya likizo. Shule zikishafunga, mkuu wa shule yuko kwao na muhuri umefungiwa kabatini.