Bati letu na chumba cha mzee

Mhariri, swali lenu la wiki linasema: familia yenye watoto iliyorithi nyumba nyembamba katikati ya mji wa Dodoma iikarabati na kuhamia, au iuze ikajenge pembezoni? Nimelisoma nikiwa jikoni, nikazima moto nikakaa kuandika.

Msiuze. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, kila mwenye uwezo amekimbilia kiwanja pembezoni, Nzuguni, Mkonze, Nala au Ihumwa, na mjini kukaachiwa maduka na stoo. Mimi nakaa upande wa Uhindini, kwenye zile nyumba zilizoungana kuta, mlango mmoja barabarani na mwingine kichochoroni. Yetu ina upana wa mita nne na nusu na urefu wa mita 22. Mbele ni sebule, zamani duka, halafu korido inayopita ubavuni mwa vyumba viwili visivyo na dirisha, kisha uani penye jiko, choo na simtanki. Watoto wangu watatu wanakwenda shule kwa miguu. Dada yangu wa Nzuguni anaamsha wanawe saa kumi na moja alfajiri wakagombee daladala.

Mnauliza habari za nyumba, lakini mimi linaloniuma ni bati.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba 2019. Vile vyumba vya kati vilikuwa giza mchana kutwa, mtoto anawasha taa saa sita kuandika hesabu. Fundi akatushauri tufungue uwazi juu ya korido, mita moja na nusu kwa mbili, tuweke nondo na wavu, mwanga ushuke na joto lipande litoke. Ushauri ulikuwa mzuri na mpaka leo nausifu. Mume wangu akakubali, nami nikakubali. Aliyekuwa hajaulizwa ni mzee jirani yetu, mstaafu wa reli, mjane aliyekuwa akiishi na mjukuu wake.

Nyumba hizi zilipoezekwa, bati halikukatwa kwenye ukuta wa kati. Linaanzia kwetu linaishia kwake, na papi zake, yaani mbao zinazolishika, hivyo hivyo. Fundi akang'oa misumari, akatoa bati nne, magharibi ilipofika akafunika turubai na kulikandamiza kwa mawe. Mvua ya Dodoma kwa mwaka mzima ni kama milimita 570 tu, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo ikija huja kwa fujo. Mwaka ule haikungoja Desemba. Saa nane usiku upepo ulibeba turubai, na sisi tukaendelea kulala, kwa sababu paa linainamia kwa mzee na maji yote yalikwenda kwake.

Kilichoniamsha ni ngumi ukutani. Hakuweza kuja mlangoni: tulipoingia tulimkuta amesimama juu ya kitanda, ameinua mpini wa jembe kuzuia hadibodi ya dari isianguke, na mjukuu anahamisha vitu gizani. Tulibeba godoro, redio, nguo, na sanduku la bati lenye karatasi zake. Sanduku lilikuwa limejaa maji. Usiku ule nilifunga kamba sebuleni kwangu nikaanika barua za ajira, risiti za kiwanja na picha ya harusi yake. Karatasi nilizipiga pasi moja moja juu ya kanga, siku mbili. Picha sikuiweza. Nilipoibandua kwenye kioo, uso wa marehemu mkewe ulibaki kwenye kioo.

Hakunigombeza. Asubuhi alipanda ngazi mwenyewe, na umri ule, akamwonyesha fundi papi zinapopita na gata la nyuma linalopokea maji ya nyumba nne. Haikumchukua hata robo saa. Nimelelewa Bahi, kwenye tembe, ambako paa la udongo ni moja linazunguka uwanja wa ng'ombe, na mtu hagusi boriti kabla hajawaambia wote. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado sikugonga mlango wa mzee.

Fedha ya choo cha ndani ikaishia kwenye paa. Tuliezeka upya nyumba zote mbili kwa bati la geji 28, tukapandisha ukuta wa kati juu ya bati, kila upande na gata lake, tukaweka dari yake mpya. Uwazi wetu tuliumalizia Februari, na watoto wanasoma mchana bila taa. Plasta bado inapukutika kwa chumvi, maana maji yetu ya Dodoma yana chumvi.

Mwaka juzi mzee alichukuliwa na binti yake, Mpwapwa. Chumba chake sasa ni stoo ya mfanyabiashara, upande wa pili ni ofisi, na ikifika saa kumi na mbili jioni kote ni makufuli. Msimu uliopita gata la upande wa stoo liliziba, ukuta wetu ukavimba unyevu, na siku kumi na moja nilimtafuta mwenye funguo. Nilipiga ngumi ukuta ule ule, ndani hakuna mtu.

Nilianza kwa kusema msiuze, na sasa siwezi kuliacha jibu hivyo. Kama pande zote mbili za nyumba yenu wanalala watu, bakini, na kabla ya kuondoa hata msumari mmoja andikianeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mkiwa na kibali cha jiji mkononi. Kama pande zote ni stoo, basi uzeni, nendeni Nzuguni, hata kwa daladala ya alfajiri. Labda muwe na fedha ya kusimamisha kuta zenu wenyewe kwa ndani, lakini kwenye mita nne na nusu kitabaki chumba gani?

Kuna mtu ameshamfuata mume wangu na bei. Nimemwomba asubiri. Mwezi huu namtafuta mwenye stoo anipe funguo ya akiba. Akinipa, tunavuka na mvua hizi mpaka Aprili, ndipo tuzungumze tena.