Asilimia 93, na bado muvi ikanishinda

SWALI: Muvi niliyoangalia Jumamosi ina asilimia 93 kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes inayokusanya maoni ya wahakiki, lakini ilinishinda, nikaizima katikati. Wahakiki wanadanganya, au mimi ndiye sijui muvi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hakuna aliyedanganya. Ile asilimia si alama za mtihani. Inahesabu wahakiki wangapi waliisifu kwa jumla. Haisemi waliipenda kiasi gani. Wahakiki 10 wakiipa muvi 6 kwa 10 kila mmoja, inapata asilimia 100. Nyingine ikipewa 9 na wahakiki saba, na 4 na watatu waliobaki, inapata asilimia 70 tu, ingawa wastani wake ni 7.5. Sisi tungeanza na hiyo ya pili.

Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, wao hutafuta wastani, kuanzia 0 hadi 100, na baadhi ya wahakiki hupewa uzito zaidi. Angalia kote kuwili. Asilimia ikiwa juu sana na wastani uko kwenye 60 na kitu, hiyo ni muvi isiyomkera mtu wala kumtikisa.

Tazama pia idadi ya wahakiki. Wakiwa watano, mmoja tu akigeuka asilimia inaruka 20, na muvi nyingi za kwetu hazifikishi hata hao watano. Alama za watazamaji nazo, siku za mwanzo hujazwa na mashabiki waliokwisha kuamua, au wenye kisasi. Subiri wiki mbili.

Halafu soma maneno, achana na nyota. Mhakiki akiandika kwamba muvi inakwenda taratibu, maongezi ni mengi na mwisho umeachwa wazi, amekupa unachohitaji hata kama yeye anaisifu. Na kumbuka huyu anaangalia muvi nyingi mno. Mapigano yaleyale yameshamchosha, chochote kigeni kinamfurahisha. Wewe wa muvi moja kwa wiki huna uchovu huo.

Kumpata wa kumwamini: chukua muvi tano unazozijua vizuri, tatu ulizozipenda na mbili zilizokuudhi, utafute mhakiki aliyeziandikia zote. Mkikubaliana kwenye nne, mfuate. Mkipingana zote tano, mfuate vilevile, ila kinyumenyume. Asiyefaa ni wa nusunusu.

SWALI: Mume wangu huangalia muvi zilizotafsiriwa na ma-DJ tu, na anasema wahakiki hawajui kitu. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada, mumeo na wahakiki hawakuangalia kitu kimoja. DJ huzungumza juu ya sauti ya awali, hutia vichekesho vyake, hata majina ya wahusika hubadilika. Uhakiki wa picha na mapigano bado unamfaa. Wa maongezi haumhusu kabisa. Muvi iliyosifiwa kwa maongezi yake ndiyo huumia zaidi, ilhali ya ngumi inaweza hata kunoga. Kwa hiyo anapochagua, jina la DJ litamsaidia kuliko nyota za mhakiki.